Kosa la Kufunga

Ardhi haipimwi na mtu mmoja. Anayetaka kubisha achukue utepe wa mita thelathini, aende uwanjani peke yake, ashike ncha hii, halafu atuambie ile nyingine kamshikisha nani. Anaweza kuifunga kwenye kigingi au kuibana kwa jiwe, lakini kigingi hakisemi "kaza", wala jiwe halisemi "basi, imetosha". Bi Mpima alilijua jambo hilo kwa miaka thelathini na miwili ya kazi. Ila alikuja kulielewa sawasawa baada ya kustaafu, asubuhi moja alipokuwa anahangaika kukunja shuka la kitanda.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja, mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi wala chai yenye sukari nyingi. Alikaa kwenye vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji. Hakuolewa. Si kwamba hakutokea wa kumposa. Walitokea wawili, mmoja akiwa mlevi na wa pili akitaka aache kazi, na kati ya hao wawili Bi Mpima alimwona mlevi kuwa na afadhali. Watu wa ofisini hawakuhangaika kumtafutia. Walisema mume anaye tayari, naye ni Toa Moja.

Toa Moja alikuwa mshika utepe wake. Utepe wa kupimia huanza kuchakaa kichwani, pale kwenye sifuri, kwa sababu ndipo unapovutwa na kukanyagwa kila siku. Kwa hiyo wapimaji wa zamani hawaanzii sifuri. Hushika kwenye alama ya mita moja, ambako utepe bado ni mzima, na wakishasoma upande wa pili wanaiondoa ile moja. Ukisoma ishirini na tatu, unaandika ishirini na mbili. Ni jambo dogo, na ndiyo maana husahaulika. Basi huyu bwana, kila Bi Mpima alipoinamia daftari lake, alipaza sauti kutoka upande wake: "Toa moja, Dada!" Alisema hivyo juani na matopeni, mara arobaini kwa siku, kwa miaka ishirini na minne, mpaka ofisi nzima ikasahau jina alilopewa na wazazi wake.

Yeye alikuwa mgane. Alimwita Bi Mpima Dada, naye akamwita Kaka, kama wanavyoitana watu wa kazi moja. Neno dada lina heshima yake, lakini lina kufuli vilevile. Ukishamwita mtu hivyo miaka kumi, ufunguo hujui tena ulikouweka. Walikula chakula cha mchana pamoja chini ya turubai la gari la ofisi, wakazungumza habari za mawe ya mipaka na za wenye viwanja waliogombana, kisha jioni kila mmoja akaenda kwake. Watu walipowatania, "Harusi lini?" wote wawili walicheka, na kila mmoja alimwangalia mwenzake kuona kama anacheka kweli.

Alifariki kwa ugonjwa wa siku tisa, miezi minane kabla Bi Mpima hajastaafu. Mazikoni Bi Mpima alisimama nyuma pamoja na watu wa ofisini, kwa kuwa hakuwa na cheo kingine cha kusimamia.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake siku mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani alipokuja kugonga mlango. Alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na haraka ya kutosha watu wanne. Alieleza kwamba muhula huu, Jumamosi sita mfululizo, wanafunzi wa darasa la sita na la saba watakutana na watu wanaokula kwa hesabu na sayansi, ili mtoto akisema "nitakuwa fulani" awe ameshaishika kazi yenyewe kwa mikono yake.

"Usiwahutubie, Bi," alisema. "Hotuba wanazo za kutosha. Wape kitu washike."

"Nitawapa utepe," alisema Bi Mpima.

"Vizuri sana. Na kila Jumamosi tutabandika karatasi mlangoni, moja kwa kila fundi. Mtoto anaandika jina kwenye meza anayoitaka."

Bi Mpima alikubali kabla mwalimu hajamaliza kunywa maji aliyopewa. Mtu asimwonee ajabu. Tangu astaafu kulikuwa na siku ambazo sauti yake aliisikia mara moja tu, akimwambia mwenye duka "chumvi". Alitafuta vigingi vyake vya chuma, akavisugua kutu. Akatoa uvunguni ile darubini ya kupimia pembe ambayo ofisi ilimpa kama zawadi ya kustaafu baada ya kuiandika kwenye orodha ya vitu vibovu. Haikuwa mbovu, ilikuwa imepuuzwa tu, na kwa siku mbili za mafuta na kitambaa ikaanza kuzunguka tena bila kukwama.

Jumamosi ya kwanza walikuja watoto kumi na mmoja. Aliwasimamisha uwanjani, akawaambia watazunguka eneo lote la shule, upande kwa upande, mpaka warudi pale walipoanzia, halafu watalichora kwenye karatasi.

"Mkichora, mstari wa mwisho unatakiwa urudi kwenye nukta ya kwanza," alisema. "Hautarudi sawasawa. Haujawahi kurudi sawasawa tangu dunia iumbwe. Utabaki mwanya. Ule mwanya unaitwa kosa la kufunga."

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Hilo kosa mtu anafungwa miaka mingapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Bi Mpima hakucheka. Alimrudisha yule mtoto akapime upya upande mzima. Lakini jioni, akiwa jikoni anaosha sufuria, utani ule ukamrudia, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akageuka amhadithie mtu, na hakukuwa na mtu.

Jumamosi ya pili walikuja saba, ya tatu wakaja watatu. Chema chajiuza, na uwanjani kwa Bi Mpima hakukuwa na cha kuuza isipokuwa jua. Kwa Fundi Umeme watoto walikuwa wanatengeneza kengele kwa waya, betri na kopo, na kila dakika kumi kengele mpya ililia, watoto wakapiga makofi. Kwa mtaalamu wa maabara, aliyekuja na hadubini ya hospitali, walipanga foleni kuangalia mguu wa sisimizi ukiwa mkubwa kama gogo. Kwa mama mhandisi wa maji walifungua pampu nzima na kurudi nyumbani na grisi mpaka masikioni. Kwa Bi Mpima walishika ncha ya utepe, wakaambiwa "kaza", wakaambiwa "hujakaza", wakaambiwa warudie.

Mwenyewe alijua tatizo ni yeye, angalau nusu yake. Alikuwa mkali. Hakujua kumsifia mtoto kwa jambo ambalo ndilo lililotakiwa kufanyika. Usiku wa kuamkia Jumamosi alifanya mazoezi ya kusema "hongera sana", na asubuhi likatoka "hujakaza".

Jumamosi ya nne alifika mapema akakuta karatasi yake mlangoni ni nyeupe. Za wenzake zilikuwa zimejaa mpaka majina yamepanda pembeni. Alisimama pale na vigingi vyake mkononi, akijifanya anasoma tangazo la usafi wa vyoo. Alikuwa ameshaamua kurudi nyumbani na kusema tumbo linamsumbua, ndipo msichana mmoja wa darasa la saba akapita mbele yake, akaandika jina lake kwenye ile karatasi tupu, akarudisha kalamu mfukoni.

"Shikamoo, Bi Mpima."

"Marahaba. Umekosea karatasi?"

"Hapana."

Wenzake walimwita Penseli kwa urefu na wembamba wake, na jina lilimfaa pia kwa sababu alizungumza kama mtu anayeogopa kumaliza ncha. Hakuuliza kwa nini yuko peke yake. Aliuliza tu ashike wapi.

Walipima siku nzima. Bi Mpima alimfundisha kusoma pembe kwenye darubini, jicho moja limefumbwa, pumzi imetulia ili kioo kisipate ukungu. Alimwonyesha jinsi ya kuishika ile alama ya mita moja juu ya kigingi kwa vidole viwili, bila kuinama hovyo. Daftari aliliandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa ofisini, safu mbili: namba iliyosomwa, na namba baada ya kutoa moja. Walipofika nyuma ya vyoo, mahali penye nyasi ndefu, walikuwa hawaonani tena, ila utepe ulikuwa umenyooka kati yao.

"Kaza," alisema Bi Mpima.

"Imekaza," ikajibu sauti kutoka kwenye nyasi.

Alikuwa na miaka miwili hajajibiwa kutoka upande wa pili. Aliandika namba, akangoja kidogo kama alivyozoea kungoja, kisha akageuza ukurasa wakaendelea.

Jumamosi ya tano karatasi ilikuwa na jina lilelile moja, nao wakamaliza pande zilizobaki. Mchana mwalimu wa sayansi alikuja pale uwanjani, akakohoa kidogo. Penseli alikuwa hatua chache pembeni, anazungusha utepe kwenye gurudumu lake.

"Bi, sitaki kukuficha," alisema mwalimu. "Muhula ujao tunabakiza meza tatu. Nafasi hazitoshi, na wewe unaona karatasi zenyewe. Mwalimu mkuu ameniuliza juu yako, nikamwambia tungoje siku ya maonyesho. Kukiwa na ramani nzuri ya kuwaonyesha wazazi, mimi nitakuwa na la kusema."

"Ramani itakuwepo," alisema Bi Mpima.

Alisema kwa sauti kavu, lakini mikono yake aliificha nyuma. Hakuwa anagombea sifa. Alikuwa anagombea Jumamosi, siku pekee iliyobaki ambayo mtu alimtegemea afike mahali fulani saa mbili kamili. Penseli akaomba aende na daftari nyumbani akachore. Bi Mpima akampa, na karatasi kubwa, na rula ya chuma, akamkumbusha kipimo: sentimita moja kwa mita mbili.

Siku ya maonyesho, Jumamosi ya sita, alivaa gauni la kahawia alilolishona kwa ajili ya sherehe ya kustaafu. Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi, na kengele za Fundi Umeme zilikuwa zinalia kila pembe mpaka mtaalamu wa maabara akawa anazungumza kwa ishara. Ramani ilikuwa ukutani. Bi Mpima aliisogelea, na kwa dakika nzima hakuona kitu kingine. Mistari ilikuwa myembamba, safi, kila kona na pembe yake imeandikwa kwa herufi ndogo. Chini kabisa, ndani ya kisanduku, palikuwa na jina la Penseli, na maneno haya: Kosa la kufunga: 0.

"Sifuri!" mwalimu wa sayansi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwalimu mkuu ameiona. Amesema kazi ya namna hii ndiyo tunayoitaka. Bi, muhula ujao nafasi yako ipo, jiandae. Wazazi wakikaa, wewe ndiye utakayeanza kuzungumza."

Bi Mpima aliitikia, akangoja aondoke. Hakuna sifuri. Wapimaji wazima, wenye vyombo vipya na vyeti vya rangi, hawaipati sifuri. Alimwita Penseli pembeni, akaomba daftari.

"Hii sifuri imetoka wapi?"

Msichana aliangalia viatu vyake. "Ilikuwa haifungi. Ilibaki nusu sentimita. Nikavuta."

Nusu sentimita ni mita moja. Mita moja kamili, siyo sentimita nane wala kumi za mkono kutetemeka. Bi Mpima alianza kujishuku kabla hajafungua daftari, maana kosa kamili namna hiyo lina mwenyewe. Alipitisha kidole kwenye safu zile mbili, mstari kwa mstari, mpaka alipofika nyuma ya vyoo. Namba iliyosomwa: 23.40. Baada ya kutoa moja: 23.40. Mwandiko ulikuwa wake. Pale ndipo alipoandika, akangoja sauti imwambie, na sauti haikuja.

Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Angemkuta nalo kijana wa kazini, angemsema mpaka jioni. Miaka ishirini na minne alidhani anakumbuka mwenyewe kutoa ile moja, kumbe alikuwa anakumbushwa, na yeye kazi yake ilikuwa kutii tu. Hata huyu mtoto hakumfundisha kuita, kwa sababu kuita hakukuwahi kuwa kazi yake kufundisha. Kulikuwa na mtu.

Wazazi walianza kukaa. Tuseme ukweli: alifikiria kunyamaza. Nani angejua? Wazazi walikuwa wanaangalia kengele. Shule haikuwa na kesi ya mpaka na mtu. Angefunga daftari, na muhula ujao saa mbili kamili angekuwa uwanjani. Lakini ramani ile ilikuwa na jina la mtoto, na ilikuwa ramani yake ya kwanza. Bi Mpima alikuwa ameshasimama mahakamani mara sita mbele ya ndugu wa tumbo moja waliokatana mapanga kwa ajili ya mstari uliovutwa nusu sentimita. Anayeuvuta wa kwanza akasifiwa, wa pili atauvuta bila kufikiri.

Alisimama mbele ya ukuta wenye ramani.

"Habari zenu, wazazi. Hii ramani amechora binti yenu na ameichora vizuri. Ila hapo chini pameandikwa sifuri, na si sifuri. Kosa ni mita moja. Na si lake, ni langu. Nilisoma namba nikasahau kuitoa moja."

Kicheko kidogo kikapita ukumbini, kile cha watu wasiojua kama wanaruhusiwa kucheka. Baba mmoja wa safu ya mbele akasema, bila ubaya, "Si tumeambiwa una miaka thelathini na miwili ya kazi, mama?"

"Thelathini na miwili," alisema Bi Mpima. "Ishirini na minne kati ya hiyo nilikuwa na mwenzangu wa kunikumbusha. Alikuwa anaita kutoka upande wa pili wa utepe. Sasa nimemkosa."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Neno lilikuwa limetoka na nduguye: kosa la aliyekosea, na kukosa kwa aliyepungukiwa. Alikuwa hajawahi kulisema mbele ya mtu yeyote, wala mbele ya kioo. Mama mmoja akamwangalia kwa huruma. Kisha kengele moja ikalia yenyewe kwenye meza ya Fundi Umeme, watoto wakacheka, na mwalimu wa sayansi akamkaribisha mama wa pampu.

Baadaye, watu wakiwa wanakunja viti, mwalimu alimfuata. Hakuwa mtu mbaya. Alisema alichofanya Bi ni jambo la heshima kubwa, na kwamba yeye mwenyewe amejifunza. Alisema mwalimu mkuu naye ana mambo mengi ya kuangalia. Alisema watawasiliana. Bi Mpima alimshukuru, akaanza kufunga darubini yake kwenye sanduku. Anayekuambia tutawasiliana bila kukuomba namba ya simu ameshawasiliana.

Penseli alikuwa anamngoja kwenye ngazi za nje, ramani ameikunja kwapani. Macho yalikuwa mekundu.

"Ungeiacha tu, Bi Mpima."

"Ningeacha nini?"

"Ile sifuri."

Bi Mpima aliweka sanduku chini. Hapa, alifikiri, ndipo mahali pa kuwa mpole, na safari hii asishindwe. "Sikiliza, mwanangu. Sikukasirika. Kila anayeanza kazi hii anaona aibu kosa likionekana. Hata mimi nilipokuwa kama wewe..."

"Sikuona aibu," alisema Penseli. "Nililiona kosa kwenye daftari siku ileile niliyokwenda nalo nyumbani. Pale ulipoandika namba moja mara mbili. Nilijua ni lako."

"Sasa kama ulijua, kwa nini hukuniambia? Ningesahihisha, tukachora upya."

"Ningekuambia wapi, Bi? Mpaka Jumamosi, na Jumamosi ndiyo leo. Na mwalimu alisema lazima ramani iwe nzuri. Nilimsikia siku ile." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Nilivuta ili urudi."

Watoto walipita katikati yao wakikimbilia getini, mmoja akiwa na kengele ya kopo inayolia mfululizo, na wao wawili wakangoja kelele ipite.

"Usivute mstari tena," alisema Bi Mpima. "Maisha yako yote. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bi."

"Na ahsante."

Msichana aliitikia kwa kichwa, akampa ramani, akashuka ngazi kuwafuata wenzake. Bi Mpima alibeba sanduku na vigingi, akatoka getini peke yake, akashika barabara ya nyumbani mchana kweupe huku analia waziwazi, na waliopishana naye wakampisha njia, wakidhani amefiwa.